Kidole Kisicho na Ukoo

Baba yangu hakuwahi kuniita mtoto wake. Mgeni alipokuja kwetu Ihembe na kuuliza watoto waliojipanga kumpa shikamoo ni wa nani, Tata, kama tulivyomwita baba, alitusonta mmoja mmoja: huyu wangu, huyu wangu, na yule mwenye kamasi naye wangu. Akifika kwangu, niliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisema, "Na huyu ni wa humu ndani." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja mtungi au mbuzi, kitu ambacho kipo nyumbani na hakuna haja ya kueleza kimefikaje. Mgeni mwenye adabu alitikisa kichwa akahamia kwenye habari za mvua. Asiye na adabu alinitazama mkono.

Nilizaliwa na kidole cha sita kwenye mkono wa kulia. Kilining'inia ubavuni mwa kidole cha mwisho, kidogo, laini, na ukucha wake kamili, na nilipokimbia kilicheza chenyewe bila kuniomba ruhusa. Hakikuuma wala hakikuwa na kazi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kunitia aibu, na hiyo hakikuichoka. Wenzangu walipopiga magoti kuamkia wakubwa walinyoosha mikono. Mimi niliikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kanisani nilifanya ishara ya msalaba haraka haraka mpaka katekista akanikemea kwamba ninamfukuza nani, nzi au Mungu. Shuleni mwalimu akiuliza tano na sita ni ngapi, darasa zima liligeuka kunitazama, na hata mwalimu mwenyewe aliuma mdomo asicheke.

Aibu ya kidole peke yake ningeizoea. Kilema hakicheki kilema, na kijijini kwetu hapakukosa kengeza, kigugumizi wala mguu mfupi. Tatizo lilikuwa kwamba kulikuwa na mtu mwingine mwenye kidole kama changu.

Msimu wa kahawa uliotangulia kuzaliwa kwangu, karani mmoja alikuja kutoka upande wa Bukoba kununua kahawa. Babu, baba yake Tata, alimpa chumba katika nyumba yake kubwa, na mama yangu, aliyekuwa bibi harusi wa majuzi, akapewa kazi ya kumpikia. Karani huyo alikuwa na kidole cha sita mkono wa kulia. Kila aliyeleta gunia alikiona, maana mkono huo ndio uliotuliza mizani, na watu walitania kwamba ndicho kidole kinachopunguza uzito. Msimu ulipokwisha aliondoka na mizani yake. Mwaka haukugeuka, nikazaliwa mimi. Kijiji kizima kikajumlisha. Hata wasiojua kusoma wala kuandika hesabu hiyo waliiweza.

Ningezaliwa nyumbani, haya yote yasingetokea, lakini hilo nililijua baadaye sana. Kwetu, mtoto wa kwanza hupokewa na mama mkwe. Bibi, mama yake Tata, ndiye aliyepokea watoto wote wa kibanja chetu, yaani boma na migomba yake, na vya jirani, na alikuwa na sifa ya mikono myepesi. Siku uchungu ulipomshika mama, Bibi alikuwa amekwenda kwao, upande wa Kyerwa, kumzika kaka yake. Uchungu ukakawia. Wakambeba mama kwa machela mpaka zahanati ya misheni, nikazaliwa mikononi mwa mkunga wa huko, ambaye alinifuta, akanifunga kitambaa, akanilaza bila kushughulika na kidole cha mtu.

Tata alikuja kuniona. Akafunua kitambaa, akashika mkono wangu, akaugeuza, akaurudisha. "Kwetu hakuna kidole hiki," akasema. Nasikia hayo ndiyo maneno yake ya kwanza juu yangu. Hakumfukuza mama, kwa kuwa walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na nadhani pia kwa kuwa alimpenda. Alimrudisha nyumbani, akamjengea jiko jipya, akazaa naye watoto wengine, na kwa miaka zaidi ya ishirini akawa anazungumza naye habari za kupalilia, za chumvi na za watoto, basi. Sijui kama watu wa sasa wanaelewa adhabu ya namna hiyo. Hakuna wa kumshtaki, maana hajafanya kitu.

Mama aliapa mara moja, mbele ya Babu, kwa jina la Bikira Maria. Baada ya hapo hakuapa tena wala hakujitetea. Alikwenda kisimani alfajiri kabla ya wanawake wengine, kwa sababu akiwakuta mazungumzo yalikatika. Nami nilipopata akili nikawa namtazama kwa macho ya kijiji. Nilimwonea haya mama yangu kuliko nilivyokionea haya kidole changu. Tulipokwenda kusali nilihakikisha kuna mtu katikati yetu.

Lazima mjue kwamba kwetu mtoto mchanga husomwa. Wanawake wazima huja na zawadi zao, hukaa, hunyoosha mkono kumpokea, na kazi huanza: sikio hili la mjomba wake, vidole vya miguu vya shangazi, paji la uso hili tunalijua limetoka wapi. Wanajua kwamba mtu hutengenezwa na watu wawili, na nyuma ya hao wawili kuna wengine. Mgomba hauna taabu hiyo. Chipukizi ni mama yake tena, hana baba wa kuulizwa. Ukiupanda wa kupika utavuna wa kupika, wa pombe utavuna wa pombe. Binadamu ana pande mbili, na nilivyoona mimi, kizuri hupelekwa upande wa baba, na kisichoeleweka hupelekwa upande wa mama.

Mtu pekee aliyenidekeza alikuwa Bibi. Ndizi iliyoiva vizuri ilikuwa yangu, senene wakikaangwa mimi nilionja kwanza, na wadogo zangu walilalamika. Nikadhani ananionea huruma, nikampenda.

Vita ya pili ya dunia ilikuwa imekwisha miaka kadhaa nilipoposwa na kijana mkulima wa Kibingo, ambaye baba yake alifuga ng'ombe. Alinijua na kidole changu. Watu walipomwonya alijibu kwamba jembe halihesabu vidole. Nilimkubali kwa neno hilo tu, na mengine aliyokuja kuwa nayo niliyapata kama nyongeza. Nilipopata mimba, mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ilikubaliwa nirudi Ihembe kujifungulia kwetu. Wenzangu huomba mtoto wa kiume, au huomba wa kike. Mimi niliomba vidole vitano.

Mtoto wangu alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa wa kike. Mama alitoka kwenda jikoni kuchukua maji ya uvuguvugu, nikabaki na Bibi. Wakati huo Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona watu kama vivuli, lakini mikono yake ilikuwa bado inaona. Alimpapasa mtoto kichwa, mgongo, miguu. Akafika kwenye mkono wa kulia, akarudia kuupapasa.

"Na huyu pia," akasema.

Nikafumba macho. Nilijua bila kutazama.

Nilipoyafumbua, Bibi alikuwa anafungua pindo la nguo yake. Akatoa humo singa moja jeusi la mkia wa ng'ombe, refu, akalilowesha kwa mate, akaanza kulizungusha kwenye shina la kile kijidole na kulikaza. Hakubabaika. Mtu mwenye macho mazima asingefanya upesi kuliko yeye.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakifunga. Kitanyauka, kitadondoka pamoja na kitovu. Wanaume hawaingii humu mpaka kitovu kidondoke, hakuna atakayekiona."

"Umejifunza wapi kufunga?"

"Nimefunga vingi, mjukuu wangu. Nilianza na cha baba yako."

Aliyasema hayo kama anavyosema mtu aliyeanza kupanda maharage kabla ya mahindi. Kisha mikono yake ikasimama. Alikuwa amesikia alichokisema.

"Cha Tata?" nikauliza.

Akarudi kukaza singa. Nikamshika kifundo cha mkono, mimi mzazi wa saa ile ile niliyekuwa sina nguvu hata ya kukaa, nikamwuliza tena. Akainama.

"Kwetu tulijulikana kwa kidole," akasema. "Walitucheka kwamba mkono wetu unamaliza ugali wa wenzetu. Mabinti wa kwetu walikaa bila kuposwa na majirani. Mama yangu alinifunga mimi, nikaletwa kuolewa huku mbali, nina vidole vitano kama watu. Alipozaliwa baba yako nacho, ningesema nini? Nikafunga. Shangazi yako nikafunga. Wadogo zako wawili nikawafunga, nikawaosha mwenyewe mpaka vikadondoka, mama yako asione."

"Na mimi?"

"Wewe ulionekana. Kilichokwisha kuonekana hakifungwi."

"Ungesema, Bibi. Ungesema kimetoka kwako."

"Babu yako alikuwa hai! Wangenirudisha kwetu na mvi zangu, wakisema nimewaingizia mbegu mbaya nikaificha. Niliona aibu. Waitu, jamani, aibu ni kitu kibaya. Nikajisemea, mama yako bado kijana, atavumilia."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bibi yangu alificha, akazaa, akazalisha, na mzigo akamtwisha mkwewe.

Mlangoni palikuwa na mama yangu na karai la maji. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Uso wake haukuonyesha kwamba amesikia, ila maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo miguuni pake naye hakuyaona. Akaingia, akaweka karai chini, akaonja maji kwa kiwiko, akamchukua mtoto. Alimwosha kwa utaratibu, shingoni, makwapani, katikati ya vidole vyote. Alipofika kwenye kile kilichozungushiwa singa alikiosha nacho.

"Mama," akamwambia Bibi, "maliza kufunga."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, kikifungwa nani atajua?"

"Wewe umeshajua."

"Na watu?"

"Watu walishashiba maneno hayo zamani." Alikuwa anamkausha mtoto, hanitazami. "Mimi aibu yangu imeshakomaa, haina tena la kunifanya. Huyu ndiyo kwanza anazaliwa. Unajua mkono wako ulivyokutesa. Unataka na wake uwe vile?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kikifungwa, mwanangu angekua bila kuchekwa, na mama yangu angeingia kaburini na jina la mzinzi. Kikiachwa, watu wangeuliza, na safari hii Bibi angelazimika kujibu. Ningependa kusema nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilikuwa na hasira, na mimi hasira zangu hazijawahi kungoja ushauri. Nikamvuta mtoto kwangu, nikaling'oa lile singa kwa kucha na meno, nikalitupa kwenye majani ya sakafuni. Nikamfanya mtoto mchanga kuwa shahidi wa kesi isiyokuwa yake. Bibi alianza kulia bila sauti. Mama alitoka akachukua maji mengine.

"Tata utamwambia mwenyewe," nikamwambia Bibi. "Usipomwambia, ataona kidole na atauliza, na nitamjibu mimi mbele ya watu."

Miaka mingi baadaye, nchi ilipokwisha kupata uhuru, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na somo la sayansi likaniangukia. Huko ndiko nilikosoma kwa majina yake mambo ambayo Bibi aliyajua kwa vidole. Kila mtoto hupata nusu ya urithi wake kwa baba na nusu kwa mama, katika vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ziko sifa zenye nguvu, ambazo ukipewa na mzazi mmoja tu zinaonekana, na ziko za kimya, ambazo hungoja mpaka zikutane na nyingine kama hizo kutoka upande wa pili. Kidole cha sita mara nyingi ni cha kundi la kwanza. Mzazi mmoja akiwa nacho anatosha, na kila mtoto anayezaliwa ni kama sarafu iliyorushwa upya, inaweza kulala huku au kule. Tena kina ujanja, maana kinaweza kumpitia mtu bila kuonekana mkononi mwake kikatokea kwa mwanawe. Wala si ukoo mmoja tu duniani wenye kidole hicho. Karani wa watu alikuwa na chake kutoka kwao, kama sisi tulivyokuwa na chetu. Niliyaandika hayo ubaoni kwa mkono wangu wa vidole sita, wanafunzi wakacheka, nikawaacha wacheke, nami nilikuwa nimeona haya vya kutosha. Lakini kwa mama yangu somo hilo lilikuwa limechelewa. Na kwetu urithi haukuwa umejificha wenyewe. Sisi ndio tuliokuwa tunaufunga na kuungoja udondoke.

Siku chache baada ya kujifungua niliona, kupitia mlango wa nyuma, Bibi akimwita Tata uani. Maneno sikuyasikia. Bibi alisema mafupi. Tata akanyanyua mkono wake wa kulia, akaupapasa ubavuni mwa kidole cha mwisho kwa gumba la mkono wa pili, akakandamiza, akapapasa tena. Pale palikuwa na kijinundu kidogo kigumu. Siku zote alituambia ni kovu, kwamba akiwa mchanga aliangukiwa na kaa la moto, kwa kuwa hivyo ndivyo mama yake alivyomwambia. Kisha akauingiza mkono mfukoni mwa koti, na tangu siku hiyo nikawa namwona anakula, anazungumza, anapokea wageni, mkono ule uko mfukoni mpaka alazimike kuutoa. Niliijua ile namna ya kutembea. Nilimwonea haya na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na furaha hiyo nayo niliionea haya.

Kitovu kilidondoka. Ikapangwa siku ya kumtoa mtoto nje. Kutoka Kibingo alikuja mume wangu na baba mkwe wangu, mzee mrefu asiyejua kuzungumza taratibu, wamebeba kibuyu cha maziwa na jogoo. Majirani walijaa sebuleni na barazani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, kahawa ya kutafuna ikapitishwa. Mtoto akaanza kuzunguka kutoka paja hadi paja, anasomwa. Kila alipofika, mkono wa kulia ulifunuliwa, na mazungumzo yalipungua sauti.

"Damu haipotei," akasema jirani mmoja, mwanamke wa makamo ambaye nyumba yake ilipakana na kibanja chetu. Alikuwa anamtazama mama, aliyesimama kwenye mlango wa kuelekea jikoni na sinia mkononi.

Mtoto akafika kwa baba mkwe. Yeye hakunong'ona. Akaushika mkono, akaugeuza kwenye mwanga kama anayekagua ndama wa kununua.

"Kidole hiki kimetoka wapi?" akauliza.

Watu wakatazama chini. Mtu mmoja akakohoa. "Kwa mama yake," akajibu jirani.

"Hilo naliona, sina upofu. Na kwa mama yake kimetoka wapi?" Hakuna aliyemjibu, naye akadhani hawajamwelewa, akaanza kufafanua kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Mimi nilikuwa na dume jeusi na jike jeusi, wakanizalia ndama mwekundu kama udongo wa Karagwe. Vijana wangu wakasema dume la jirani limeruka boma. Nikawaambia, la jirani nalo jeusi! Nikakaa nikakumbuka bibi yake yule jike, alikuwa mwekundu. Babu yake lile dume, mwekundu vile vile. Rangi ilikuwa imelala tu, huku na huku, zikakutana. Ndiyo maana nauliza, kimetoka kwa nani? Mnanyamaza kama nimeuliza habari ya wizi. Hata ng'ombe wangu hakuna aliyemsuta."

Wageni wakacheka, kwa sababu ya sauti yake. Tata hakucheka. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono mfukoni. Bibi alikuwa kwenye mkeka pembeni, amejifunika kichwa. Mimi nilimkazia macho Tata mpaka akayaona. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na kama angechelewa kidogo ningelitoa, na aibu ya nyumba nzima ingetoka nalo.

Akautoa mkono mfukoni. Akauweka juu ya goti, kiganja chini, wote wauone.

"Kimetoka kwangu," akasema. "Nami nilizaliwa nacho. Kilifungwa nikiwa mchanga, kikadondoka. Alama yake hii hapa."

Alilisema akitazama goti. Hakumtaja aliyefunga. Haikuwa lazima, kila mwanamke aliyekuwepo alijua katika kibanja kile watoto wanapokewa na nani, na macho yao yalienda kwenye mkeka kisha yakarudi. Bibi aliomba ashikwe mkono akapumzike. Yule jirani wa "damu haipotei" akagundua kwamba anahitajika kwake. Baba mkwe akasema, "Haya, si ndiyo hilo tu," akamrudishia mtoto mume wangu, akaomba rubisi.

Nikamtazama mama. Nilitazamia nini, sijui. Labda anyooke, labda avute pumzi mbele ya watu waliomnyima pumzi tangu ujana wake. Watu wote walikuwa wanamtazama kwa mara ya kwanza bila lile jambo machoni. Naye akainamisha uso kama ndiye aliyekamatwa. Akageuka na sinia lake akatoka.

Nikamfuata jikoni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi za wageni. Maganda yalianguka moja juu ya lingine, na utomvu ulikuwa umemjaa mikononi.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Amesema mbele ya watu wote."

"Ndiyo. Wageni ameshawaambia." Akachukua ndizi nyingine, akaikata ncha. "Mimi bado."

Nilikuwa nikitafuta kisu cha pili nimsaidie tulipoona kivuli mlangoni. Ni Tata. Jikoni hakuwa na desturi ya kuja. Aliinama kupisha nyasi za paa, akasimama akiwa nusu ndani nusu nje, akatazama chungu, akatazama moto, akatazama lile rundo la maganda miguuni mwa mama. Nikasogea pembeni ili nimpishe. Mama aliacha kumenya. Aliweka kisu juu ya paja na kumwinulia uso, akangoja, na sijawahi kumwona mtu anangoja vile.

Midomo ya Tata ilifunguka.

"Wageni wana njaa," akasema.

Mama alimtazama kidogo zaidi. Kisha akaokota kisu.

"Hazijaiva," akajibu.

Tata akabaki pale kwa muda, kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu akarudi kwa wageni.